Saruji Imeisha na Jamvi Halijafika Ukutani: Makadirio Yamepotelea Wapi?

"Bosi, saruji imeisha, ongeza mifuko miwili." Ugomvi mwingi kati ya mwenye nyumba na fundi huanzia hapo. Mwenye nyumba aliambiwa mifuko 14, akanunua 14, na sasa ni saa nane mchana, jua kali, zege limesimama mita moja kabla ya ukuta. Wazo la kwanza linalomjia ni kwamba ameibiwa. Wizi upo kwenye saiti, na namna ya kuukagua nimeieleza hapa chini. Lakini mara nyingi mifuko hiyo imo humo humo ndani ya jamvi, yaani sakafu ya zege inayolala juu ya ardhi. Imemezwa na ardhi ambayo hakuna aliyeipima, kwa sababu hesabu ilifanywa kwa kuangalia ramani.

Mwongozo huu ni wa kazi ndogo za nyumbani zinazolala juu ya ardhi: jamvi la chumba, baraza, njia ya gari, msingi wa ukuta mfupi, nguzo za uzio. Zege la ghorofa lina nondo na hesabu zake, na hilo ni la mhandisi.

Kabla ya dalili zenyewe, shika kipimo kimoja ambacho tutakirudia. Mfuko wa saruji wa kilo 50 una ujazo wa karibu lita 35. Kwa mchanganyiko wa moja kwa mbili kwa nne, yaani saruji 1, mchanga 2, kokoto 4, mfuko mmoja unahitaji lita 70 za mchanga na lita 140 za kokoto. Kwa ndoo ya lita 20 iliyofutwa juu kwa ubao, hiyo ni ndoo tatu na nusu za mchanga na ndoo saba za kokoto. Zege linalopatikana ni karibu lita 158. Kwa hiyo mita moja ya ujazo inataka mifuko 6.3. Ukitumia moja kwa tatu kwa sita, ambao hutumika kwa zege jepesi la kusawazisha chini ya msingi, mita moja inataka mifuko 4.4 hivi. Ukipanda hadi moja kwa moja na nusu kwa tatu, inafika mifuko 8.

Mfano wetu ni chumba cha mita 4 kwa 5, jamvi la sentimita 10. Zidisha 4 kwa 5 kwa 0.10, unapata mita 2 za ujazo. Mara 6.3 ni mifuko 12.6. Ongeza asilimia 10 ya kumwagika na kubaki kwenye vyombo, unafika 14.

Dalili: kikokotoo kinasema mifuko 118, fundi anasema 14

Hii huwapata sana wanaojenga nyumbani wakiwa Marekani au Kanada. Mtu anaingiza vipimo vya chumba kwenye kikokotoo cha mtandaoni, kinamjibu mifuko 118. Fundi wa Kibaha, Tanzania, anamwambia 14. Anaanza kujiuliza ni nani kati yao hajui kazi.

Wote wawili wako sahihi, ila wanahesabu vitu tofauti. Kule dukani huuzwa mfuko wenye zege kavu tayari: saruji, mchanga na kokoto zote zimo ndani, wewe unaongeza maji tu. Mfuko wa ratili 80, ambao ni kilo 36 hivi, hutoa futi za ujazo 0.6 za zege. Mita 2 za ujazo ni futi za ujazo karibu 70.6, gawa kwa 0.6, unapata 118. Fundi wa Kibaha anahesabu saruji peke yake, kwa sababu mchanga na kokoto vinakuja na lori.

Njia ya kuhakikisha ni uzito. Mita moja ya ujazo ya zege ina uzito wa takriban kilo 2,400, hivyo jamvi letu lina karibu tani 4.8. Mifuko 118 ya kilo 36 inakaribia tani 4.3, na zilizobaki ni maji. Mifuko 14 ya kilo 50 ni kilo 700 tu, na hakuna jamvi la kilo 700 la ukubwa huo. Ukitumia kikokotoo chochote, tafuta kwanza neno linaloonyesha kama kinahesabu saruji au zege kavu la mfukoni, na uzito wa mfuko wanaouzungumzia.

Dalili: saruji imeisha, kazi bado

Hapa ndipo penye sababu nyingi, na mara nyingi zinakuja mbili au tatu kwa pamoja. Zikague kwa mpangilio huu.

Anza na hesabu yenyewe. Je, aliyekadiria alijumlisha tu sehemu za mchanganyiko? Moja na mbili na nne ni saba. Lita 35 mara 7 ni 245. Akasema kila mfuko utatoa lita 245, kwa hiyo mita 2 za ujazo zinataka mifuko 8 na kidogo, tununue 9. Kosa hili lina alama yake: mifuko 9 itatoa mita 1.42 za ujazo, na kwenye chumba chetu zege litakomea mita tatu na nusu kutoka lilipoanzia. Ukiona jamvi limekata kwenye theluthi mbili na ushei, usihangaike na sababu nyingine kabla ya kuangalia hii.

Kwa nini saba haitoi saba? Fanya jaribio hili hapo saiti, halichukui dakika tano. Jaza kokoto kwenye ndoo ya lita 20 mpaka juu, ufute kwa ubao. Kisha chukua kopo la lita moja, umimine maji taratibu ukihesabu. Lita ya kwanza inapotea. Ya pili, ya tatu, ya nne, bado huoni kitu. Maji yataanza kung'aa juu ya kokoto ukiwa umeshamwaga lita nane, pengine tisa. Ndoo uliyoiona imejaa ilikuwa na nafasi tupu karibu nusu yake, na nafasi hiyo ndiyo mchanga na uji wa saruji vinakwenda kuijaza. Ndiyo maana vitu vikavu vya lita 154 vinatoa zege la lita 100 tu. Fundi mzoefu analijua hili hata kama hajawahi kuliandika. Anayekosea ni mwenye nyumba anayepiga hesabu na simu usiku.

Kama hesabu iko sawa, nenda kwenye ardhi. Kwenye chumba cha mita 20 za mraba, kila sentimita moja inayozidi kwenye unene inakula mfuko mmoja na robo. Macho hayaioni sentimita moja kwenye kifusi kilichoshindiliwa. Wala huwezi kuiona kwa kusimama mlangoni ukiwa na kifaa cha pima maji mkononi.

Vuta kamba ya kujengea kutoka ukuta hadi ukuta kwenye usawa wa juu wa jamvi lijalo, usawa ambao umeshahamishwa kwa mpira wa maji, yaani mpira unaoonyesha ndani uliojazwa maji, ambayo hukaa usawa mmoja kwenye ncha zote mbili. Pima kwa futi kamba kutoka kwenye kamba hadi chini, kila mita moja. Tuseme mstari mmoja umetoa sentimita 10, 12, 13, 13, 11, 10. Ukiangalia pembeni tu utasema ni sentimita 10 safi, maana pembeni ndiko fundi alikosawazisha kwa kufuata ukuta. Wastani wa mstari mzima ni 11.5. Kama mistari mingine inafanana na huo, jamvi lako ni la mita 2.3 za ujazo, ambazo ni mifuko 14.5, na pamoja na nyongeza ni 16. Hiyo ndiyo "mifuko miwili" aliyoiomba fundi.

Dawa yake ni mojawapo kati ya mbili: ongeza moramu (udongo wenye changarawe) au kifusi katikati na kushindilia tena, au nunua 16. Ya kwanza ni nafuu zaidi kwa kuwa moramu haina bei ya saruji. Lakini ifanye kabla ya kumwaga maji kwenye mchanganyiko wa kwanza.

Sababu ya tatu ni mawe. Wengi tunapanga mawe chini ya jamvi, na ni jambo jema. Tatizo ni kumwaga zege moja kwa moja juu ya mawe yenye mianya. Zege linateremka kati ya jiwe na jiwe, fundi anaongeza, linateremka tena. Hapo hakuna hesabu inayoweza kushika. Jaza mianya kwa vumbi la kokoto au moramu, shindilia, halafu tandika nailoni. Nailoni inazuia unyevu kupanda na pia inazuia uji wa saruji kunyonywa na ardhi kavu.

Sababu ya nne ni mchanga uliolowa, na hii wengi hawaitarajii. Mchanga wenye unyevunyevu kidogo huvimba. Chembe zake hushikana na kuacha nafasi katikati, hivyo ndoo inayoonekana imejaa ina mchanga pungufu. Chukua chombo kinachoonyesha ndani, ujaze mchanga wa kwenye lundo hadi sentimita 20 bila kuushindilia. Mimina maji mpaka yafunike, koroga, subiri utulie. Ukishuka hadi sentimita 16, mchanga wako ulikuwa umevimba kwa robo. Kwa mchanga wa namna hiyo ndoo tatu na nusu hazitoshi, unahitaji nne na zaidi kidogo kwa kila mfuko. Usipoongeza, kila mchanganyiko unatoa zege dogo kuliko ulivyotarajia, na kwa jamvi letu utapungukiwa na karibu robo tatu ya mfuko. Upande mzuri ni kwamba zege hilo lina saruji nyingi zaidi, kwa hiyo uimara hauharibiki. Baada ya mvua kubwa, mchanga ulioloa chapachapa haujavimba hivyo. Mbaya ni ule wa unyevu wa wastani, wa siku moja au mbili baada ya mvua.

Ya tano ni chombo cha kupimia. Machepe hayapimi. Chepe la asubuhi, vijana wakiwa na nguvu, si chepe la saa tisa. Karai nalo linaweza kufutwa au kurundikwa, na tofauti yake ni kubwa mno kuiacha kwa hisia ya mbebaji. Tumia ndoo ya aina moja, au tengeneza boksi la mbao lisilo na kitako lenye ujazo wa lita 35, lifutwe juu kila mara.

Mwisho angalia mbao za pembeni. Kwenye baraza au njia isiyo na kuta, mbao zisizofungwa vizuri hutanuka na kuvimba tumbo, na zege linafuata.

Kujua mapema kabla mifuko haijaisha

Kila mfuko kwenye jamvi la sentimita 10 unafunika mita za mraba 1.58. Chumba chetu kina upana wa mita 4, kwa hiyo kila mfuko unapaswa kusogeza zege mbele karibu sentimita 40. Kabla ya kuanza, chora alama za chaki ukutani kila sentimita 40, uzipe namba. Mfuko wa tano ukimwagwa wote, zege liwe kwenye alama ya tano, yaani mita 2 kutoka mwanzo.

Kama liko mita 1.7, kuna kinachokula. Lakini sasa ni saa nne asubuhi, duka liko wazi, na una muda wa kutuma pikipiki kabla vijana hawajakaa chini kusubiri. Ninalipenda jaribio hili kuliko mengine yote kwa sababu halimtuhumu mtu. Fundi na mwenye nyumba wote wanaangalia ukuta uleule.

Alama hizo pia zinamaliza suala la wizi. Mwambie fundi mifuko mitupu iwekwe pamoja, na hesabu yake ilingane na namba ya mchanganyiko uliokwisha kufanyika. Mifuko mitupu 14, zege liko linapostahili kwa unene uliopima: hakuna kilichoibwa. Mitupu ni 12 na stoo hakuna kitu: hapo una swali halali la kuuliza. Na kama mitupu ni 14, lakini zege liko nyuma sana na unene ni ule ule wa sentimita 10, angalia jinsi vipimo vilivyofuatwa. Huenda mfuko ulikuwa unaingia na ndoo tano za kokoto badala ya saba.

Dalili: saruji imebaki nyingi

Watu hufurahi. Mimi ningeenda kupima kwanza. Mita 20 za mraba zimekwisha kwa mifuko 10 badala ya 13? Mifuko 10 inatoa mita 1.58 za ujazo, ambazo zikisambazwa humo zinatoa unene wa sentimita 7.9. Ama jamvi ni jembamba kuliko mlivyokubaliana, ama mchanganyiko ulikuwa dhaifu, ndoo za mchanga na kokoto zikiwa zimezidi. Chomeka msumari mrefu kwenye zege likiwa bado bichi, sehemu kadhaa mbali na pembeni, usome kina kabla halijashika. Uwe mwangalifu usitoboe nailoni.

Kubaki kwa saruji kunaweza pia kuwa hesabu iliyozidi. Kwenye msingi wa ukuta, mtu hujumlisha pande za nje: 4 na 4 na 5 na 5, mita 18. Lakini mtaro wa upana wa sentimita 60 unakutana kwenye kona nne, na kila kona imehesabiwa mara mbili. Urefu sahihi ni mita 15.6. Tofauti hiyo peke yake inakuwa mifuko ya kutosha kuudhi.

Uzio ndio hukosewa zaidi. Nguzo 13, kila shimo kipenyo sentimita 30 na kina sentimita 60. Aliyepiga 3.14 mara 0.3 mara 0.3 mara 0.6 anapata mita 2.2 za ujazo kwa mashimo yote, ananunua mifuko 14. Ametumia kipenyo mahali pa nusu kipenyo, na jibu limekuwa mara nne ya ukweli. Kwa 0.15, na ukitoa nafasi inayochukuliwa na nguzo yenyewe ya sentimita 10 kwa 10, yote ni karibu mita 0.47 za ujazo. Hiyo ni mifuko 3, nunua 4. Ila shimo lililochimbwa kwa chepe hutanuka juu. Likiwa sentimita 40 mdomoni na 30 chini, nunua 5.

Kwa wanaopima kwa futi na inchi: chumba cha futi 12 kwa 14, jamvi la inchi 4. Usizidishe 12 kwa 14 kwa 4. Inchi 4 ni theluthi ya futi, kwa hiyo ni futi za ujazo 56. Gawa kwa 35.3, unapata mita 1.59 za ujazo, mifuko 10 kabla ya nyongeza.

Dalili: saruji ipo, kokoto zimekwisha

Jamvi letu linataka mita za ujazo 0.88 za mchanga na 1.76 za kokoto. Pamoja na nyongeza, agiza mita 1.2 za mchanga, kwa sababu ya ule uvimbe, na 2 za kokoto. Mzigo wa lori huuzwa kwa tripu, na tripu si kipimo. Pima bodi la lori kwa futi kamba, urefu mara upana mara kimo cha mzigo, ukiwa bado haujamwagwa. Mzigo uliochongoka katikati, chukua kimo cha wastani. Kisha mwaga juu ya sakafu ngumu au turubai. Lundo la kokoto lililomwagwa kwenye udongo huacha tabaka zima ardhini, na kulikwangua ni kuingiza udongo kwenye zege.

Dalili: mifuko imetimia lakini mingine ni mawe

Mabonge yanayovunjika kwa kubonyezwa na vidole si tatizo. Yasiyovunjika ni saruji iliyokwisha kushika unyevu. Mfuko huo usiuhesabu. Panga mifuko juu ya mbao, mbali na ukuta, na nunua karibu na siku ya kazi. Kama unashuku uzito, dukani kuna mizani, na mfuko wa kilo 50 unapimika kabla ya kulipa.

Mifuko imeisha kweli, na duka limefungwa

Usiruhusu zege linyooshwe kwa maji na mchanga ili lifike ukutani. Mfuko mmoja unahitaji maji ya lita 25 hadi 28, na pungufu kama mchanga umelowa. Zege la uji litafika ukutani, halafu litatoa vumbi chini ya fagio kila siku na kupasuka nyufa ndogondogo, na mita hiyo moja utakuja kuibomoa.

Kata kazi kwa mstari ulionyooka. Simamisha ubao wima kutoka ukuta hadi ukuta, ikiwezekana kwenye mstari wa mlango, ushindilie zege vizuri hadi kwenye ubao. Usiliache likiteremka kama mteremko, kwa sababu ncha ile nyembamba hubanduka. Kesho yake toa ubao, kwangua uso wa zege mpaka kokoto zionekane, osha vumbi, lowesha, paka uji mzito wa saruji na umwage zege jipya uji ukiwa bado mbichi.

Kabla ya kwenda dukani pima kipande kilichobaki upya, kamba juu, futi kamba chini. Mita 1.5 kwa 4, wastani wa kina sentimita 11.5, ni mita 0.69 za ujazo: mifuko 4.4, na nyongeza 4.8. Nunua mitano.